Rimoti ya treni ya mtoto haishiki? Anza na betri, maliza na skrubu

Malalamiko huwa yale yale. Treni mpya ya kuchezea ilikwenda vizuri siku za mwanzo, mtoto akiiamuru kutoka upande wa pili wa sebule. Sasa anaifuata nyuma nyuma, rimoti karibu iguse behewa, na bado inasimama ikifika kwenye kona. Mtoto analia, baba anaipigapiga rimoti kiganjani, mama anasema vitu vya siku hizi havidumu.

Habari njema ni kwamba treni nyingi za aina hiyo hazijafa. Mara nyingi tatizo ni betri iliyochoka, kutu kwenye springi, au kitu kinachoziba njia kati ya rimoti na treni. Mzazi anaweza kulimaliza mwenyewe mezani kwa bisibisi, pamba na kipande cha ndimu, bila kwenda kwa fundi wala kurudi Kariakoo kununua nyingine.

Lakini kazi hiyo ina dakika chache za hatari ambazo wazazi wengi hawazifikirii. Ni pale rimoti inapokuwa wazi, mfuniko uko pembeni na betri ya zamani imewekwa mezani, huku mdogo wake mwenye treni akitambaa chini ya meza hiyo. Betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, ikimezwa na kukwama kwenye njia ya chakula, inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili tu.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kutengeneza rimoti anapaswa kujua mambo mawili: namna ya kuirudishia nguvu, na namna ya kuifungua na kuifunga bila kumweka mtoto hatarini.

Miale au mawimbi?

Rimoti za vifaa vya kuchezea ziko za aina kuu mbili, na kila moja ina ugonjwa wake.

Aina ya kwanza hutuma miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti ya televisheni. Utaitambua kwa kijitaa kidogo kilichochomoza mbele, au kipande cha plastiki nyeusi inayong'aa. Mwanga huo haupiti ukutani wala kwenye mto wa kochi. Lazima treni "iione" rimoti, moja kwa moja au kwa mwanga kugonga ukuta na kurudi.

Aina ya pili hutuma mawimbi ya redio. Za zamani hutumia masafa ya megahezi 27, 40 au 49, na huwa na antena ndefu ya kuvuta au waya mwembamba unaotokeza kwenye chombo. Nyingi za sasa hutumia gigahezi 2.4, na antena yake ni fupi kiasi kwamba imefichwa ndani. Masafa huandikwa kwenye boksi au kwenye kibandiko chini ya treni. Mawimbi haya hupenya mbao na nguo, ila chuma huyazuia.

Kuna jaribio rahisi la kujua kama rimoti ya infraredi iko hai. Fungua kamera ya simu, elekeza kijitaa cha rimoti kwenye kamera, kisha bonyeza kitufe. Ukiona kwenye skrini nukta ya mwanga mweupe au wa zambarau inayometameta, rimoti inatuma. Tumia kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha, kwa sababu kamera za nyuma za simu nyingi huchuja miale hiyo. Jaribu kwanza na rimoti ya televisheni inayofanya kazi ili uhakikishe simu yako inaiona.

Nani amechoka, rimoti au treni?

Wazazi wengi hubadilisha betri za rimoti peke yake, na wakiona hakuna mabadiliko huamini kwamba chombo kimeharibika. Wanasahau kwamba treni nayo ina betri zake, na ndizo zenye kazi nzito zaidi.

Rimoti hutumia umeme kidogo. Mota ya treni hunyonya umeme mwingi, hasa inapoondoka au inapopanda mwinuko. Betri zilizochoka zikielemewa, nguvu hushuka ghafla na sehemu inayopokea amri ndani ya treni huzimika kwa kitambo. Mtoto anaona rimoti haishiki, kumbe treni ndiyo imeishiwa.

Dalili zinaweza kukusaidia kutofautisha. Kama treni inakwenda kwa kasi yake ya kawaida ukiwa karibu, lakini ukisogea hatua nne haisikii, shuku rimoti. Kama inajikongoja, taa zake zinafifia inapoondoka, au inasimama kwenye kona hata rimoti ikiwa karibu, shuku betri za treni. Badilisha upande mmoja kwanza, jaribu, kisha uende wa pili. Ukibadilisha zote kwa mpigo hutajua tatizo lilikuwa wapi, na utakuwa umetupa betri ambazo bado zina kazi.

Aina ya betri nayo ina uzito wake. Betri za kawaida za bei ya chini, ambazo hudumu muda mrefu kwenye saa ya ukutani, huchoka haraka zikiendesha mota. Betri za alkalini hustahimili zaidi. Betri za kuchaji za NiMH hufaa kwa mota na huokoa fedha, ila kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5. Betri nne za kuchaji hutoa volti 4.8 mahali ambapo chombo kilitarajia volti 6, na baadhi ya vifaa hulegea kwa sababu hiyo. Soma maelezo yaliyokuja na boksi kabla ya kuamua.

Usichanganye betri mpya na nzee, wala aina mbili tofauti kwenye chombo kimoja. Zile zenye nguvu huilazimisha iliyochoka, na matokeo yake mara nyingi ni kuvuja. Aidha, betri isiyo ya kuchaji isiwekwe kwenye chaja hata kidogo, kwani inaweza kupasuka.

Unga mweupe kwenye springi

Ukifungua kifuniko na kukuta unga mweupe au rangi ya kijani na buluu kwenye springi, betri imevuja. Unga huo huzuia umeme kupita, na ndiyo maana hata betri mpya zinaonekana hazina nguvu.

Majimaji ya betri ya alkalini huunguza ngozi na macho, kwa hiyo watoto wasogee mbali na wewe vaa glavu. Toa betri. Chovya pamba iliyozungushwa kwenye kijiti katika siki au maji ya ndimu, sugua taratibu hadi unga ulainike, kisha pangusa kwa pamba nyingine yenye maji kidogo na uache pakauke kabisa. Kama bado chuma kina weusi, kisugue kidogo kwa raba ya kufutia penseli au msasa laini. Springi iliyolala inaweza kuvutwa taratibu kwa ncha ya bisibisi ili iishike betri sawasawa.

Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Kuanzia hapo, chombo kisichotumika kwa wiki kadhaa kitolewe betri, maana betri iliyosahauliwa ndani ndiyo huvuja.

Safisha njia kati ya rimoti na treni

Betri zikiwa sawa na springi safi, angalia njia yenyewe.

Kwa rimoti ya infraredi, adui mkubwa ni jua. Mwanga wa jua una infraredi nyingi, nao huifunika ile ya rimoti. Treni inayosikia vizuri sebuleni jioni inaweza kuwa kiziwi barazani saa saba mchana. Wasogeze watoto kivulini, au funga pazia. Pangusa pia kijitaa cha rimoti na kile kidude cheusi cha kupokelea kilicho juu ya kichwa cha treni, kwa kuwa alama za vidole vyenye mafuta ya maandazi hupunguza umbali. Kama mtoto amebandika stika juu yake, ibandue.

Kwa familia iliyotengeneza reli mezani zenye stesheni na mahandaki, handaki la boksi gumu huifanya treni ya infraredi ipotee hadi itokee upande wa pili. Lifanye liwe fupi, au toboa madirisha juu yake. Treni ya redio hupita vizuri kwenye handaki la boksi, lakini ukilipamba kwa karatasi ya alumini ili lionekane kama jiwe, umeifungia treni ndani ya kasha la chuma.

Kwa rimoti ya redio, antena ya kuvuta ivutwe yote. Waya wa antena kwenye treni usikatwe, usikunjwe kama konokono wala kulazwa juu ya mota. Mota hutoa cheche ndogo ndogo zinazoleta kelele ya redio, na waya ulio karibu huipokea kelele hiyo badala ya amri. Kama treni inayumba kila mota ikiongeza kasi, fundi wa redio anaweza kuongeza kapasita ndogo kwenye mota ili kuinyamazisha.

Vifaa viwili vya megahezi 27 vikichezwa pamoja huingiliana, kiasi kwamba rimoti moja huendesha treni ya mtoto mmoja na gari la mwingine. Vya gigahezi 2.4 huoanishwa na rimoti yake, kwa hiyo watoto kadhaa wanaweza kucheza bila ugomvi. Ila masafa hayo hutumiwa pia na Wi-Fi na maikrowevu. Kama treni inakwama ikipita karibu na kifaa cha intaneti cha nyumbani, sogeza kimoja. Baada ya kubadilisha betri, baadhi huhitaji kuoanishwa upya: kwa kawaida unawasha treni na rimoti zikiwa karibu, na taa ikiacha kupepesa zimeelewana.

Treni za umeme zinazopendwa na watu wazima Ulaya, hasa Ujerumani na Uingereza, ni habari tofauti. Hizo hupokea umeme kupitia reli za chuma, na katika mifumo ya kidijitali amri nazo hupita humo humo. Zikikwama, mwenye nazo husafisha reli na magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kugusa kitu kingine. Treni ya plastiki ya mtoto haina hitaji hilo, ingawa nywele na nyuzi za zulia zilizojizungusha kwenye ekseli huielemea mota na kumaliza betri. Zitoe.

Betri ya kitufe, hatari iliyo mezani

Rimoti nyingi ndogo hazitumii betri za kawaida za mviringo mrefu. Zina betri ya kitufe, ya duara na bapa. Inayojulikana zaidi imeandikwa CR2032: ina upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3. Betri hizo zimo pia kwenye rimoti za redio za gari, mizani ya jikoni, vipimajoto, kadi za kuimba na viatu vya watoto vinavyowaka taa.

Mtoto akiimeza, inaweza kukwama kwenye umio, yaani njia ya chakula. Mate hukamilisha njia ya umeme kati ya pande zake mbili, na upande wa hasi huanza kutengeneza kemikali kali mithili ya magadi makali ya kutengenezea sabuni. Kemikali hiyo ndiyo inayounguza. Betri haihitaji kupasuka wala kuvuja ili kuleta madhara, na betri ambayo rimoti imeikataa kwamba imekwisha bado ina umeme wa kutosha kuunguza.

Jeraha linaweza kutoboa umio hadi kwenye njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu, na linaweza kuendelea kuchimba hata baada ya betri kutolewa. Ndiyo maana baadhi ya watoto hutokwa damu siku kadhaa baadaye.

Nchini Marekani, kifo cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwaka 2020, aliyemeza betri ya rimoti, kilizaa sheria iliyopewa jina lake. Sheria ya Reese ilisainiwa mwaka 2022. Inataka sehemu ya betri za kitufe kwenye bidhaa za nyumbani ifunguke kwa kifaa kama bisibisi, au kwa vitendo viwili vinavyofanywa kwa pamoja, ili mtoto asiweze. Australia ilianza kutumia viwango vyake vya lazima Juni 22, 2022. Kabla ya hapo, rimoti nyingi zilifunguka kwa ukucha, na ziko nyumba nyingi ambamo rimoti za namna hiyo bado zinatumika.

Ukihisi mtoto amemeza

Shida kubwa ni kwamba mara nyingi hakuna aliyemwona akimeza. Dalili hufanana na mafua au tumbo: kutokwa udenda, kukataa chakula, kutapika, kikohozi, sauti kukwaruza, maumivu ya kifua, homa. Mzazi hununua dawa ya kikohozi na saa zinapita. Ukiona dalili hizo na kuna betri isiyojulikana ilipo, ichukulie kama imemezwa.

Nenda hospitali yenye eksirei mara moja, hata kama mtoto anacheza na kucheka. Kituo kisicho na eksirei kitakupotezea muda. Mwambie mhudumu wa kwanza unayemkuta kwamba unahofia ni betri, usiseme tu "amemeza kitu". Kwenye picha, betri inaweza kufanana na sarafu, na daktari anayejua anachotafuta huangalia ule mzunguko wa pili ndani ya ukingo wake. Ukiweza, beba betri ya aina hiyo hiyo au pakiti yake.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, uji wala maji. Kitu kimoja kinachoruhusiwa na mwongozo wa National Capital Poison Center, kituo cha ushauri wa sumu cha Marekani, ni asali: mtoto aliyetimiza miezi 12 au zaidi, anayeweza kumeza, na aliyemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, apewe vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi vipimo sita, mkiwa njiani. Utafiti wa madaktari wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa nguruwe, ulionyesha kwamba asali hupunguza makali ya kuungua. Si tiba, na haimruhusu mzazi kusubiri nyumbani. Kama asali haipo, usipoteze muda kwenda dukani. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu.

Betri iliyoingia puani au sikioni nayo ni dharura. Usitie matone ya aina yoyote, kwa kuwa majimaji huharakisha kuungua. Mpeleke hospitali.

Namna ya kufanya kazi hiyo kwa usalama

Mpangilio huu unachukua dakika chache tu:

1. Tengeneza wakati wadogo wamelala, au wakiwa chumba kingine na mtu mzima. Mtoto mkubwa anayetaka kujifunza akae mezani pamoja nawe.

2. Hesabu betri zilizomo kabla ya kuzitoa. Weka bakuli lenye mfuniko mezani, na kila betri inayotoka iingie humo papo hapo.

3. Fungua pakiti ya betri mpya mwisho kabisa, ukiwa tayari kuziweka. Zilizobaki zirudi kabatini, juu na kwa kufuli.

4. Rudisha skrubu. Wazazi wengi huiacha kwa kuwa watafungua tena wiki ijayo. Kama imepotea, nunua nyingine kwa fundi wa simu au redio, na kwa sasa zungushia utepe imara huku rimoti ikikaa mbali na mtoto. Utepe haumzuii mtoto mwenye subira.

5. Betri nzee ya kitufe ibandikwe seloteipu pande zote mbili, kisha iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na watoto, hadi ipelekwe mahali zinapopokelewa. Betri za aina yoyote zisitupwe kwenye moto wa takataka, kwa sababu hulipuka.

6. Unaponunua chombo kingine, mwombe muuzaji aigeuze rimoti. Kama sehemu ya betri ya kitufe inafunguka kwa kidole, chagua kingine.

Ukimaliza, jaribu treni kutoka kila pembe ya chumba, kisha hesabu tena: betri zilizo ndani ya rimoti na treni, zilizo kwenye bakuli, zilizobaki kwenye pakiti. Kama hesabu imepungua hata kwa moja, usimkabidhi mtoto rimoti. Inamisha kichwa chini ya meza, sogeza kochi, kunja zulia. Ukiikosa, na mtoto mdogo alikuwa humo ndani, safari ya hospitali ianze.